Jumapili na Bimkubwa

Katika chumba cha viraka cha hospitali kulikuwa na cherehani tatu, meza moja ya kukatia, pasi moja nzito, na mwanamke mmoja aliyezijua habari za dunia nzima kwa vipande. Wenzake walimwita Mwalimu. Mwaka wa kwanza walimwita hivyo kwa kejeli, mwaka wa pili kwa mazoea, na kufikia mwaka wa tatu mpiga pasi, ambaye alikuwa mdogo kuliko wote mle ndani, alidhani kweli aliwahi kushika chaki. Wapi! Aliacha shule darasa la tano, na kitu pekee alichowahi kumfundisha mtu ni jinsi ya kuvisha uzi kwenye bobini.

Kazi yenyewe haina fahari. Mashuka hutoka kwa madobi yametoboka katikati, pale mgonjwa anapojigeuzageuza usiku kucha. Unalipasua shuka kati kwa kati, unazileta pindo za pembeni zikutane, unashona, ule ubovu unahamia kando ambako hakuna anayelala, na shuka linaishi mwaka mwingine. Foronya zilizochakaa unazikata viraka. Magauni ya wagonjwa unayarudishia kamba. Ukishafanya hivyo miaka ishirini na mbili, mikono inaijua kazi na kichwa kinabaki hakina la kufanya. Wengine vichwa vyao walivijaza umbea. Yeye aligundua vipindi.

Aligundua kwa bahati tu. Mwanawe, mtoto wake wa pekee, alipopata simu mpya huko mji mkubwa alikohamia kikazi, alimtumia mama yake ile ya zamani yenye kioo cha ufa. Mama akabonyeza asipopajua, na sauti ya mwanamume ikaanza kueleza jinsi nyuki wanavyochagua makazi mapya. Alikuwa bombani anakinga maji. Ndoo ikajaa, ikamwagika, ikaendelea kumwagika, jirani akapiga kelele, naye amesimama tu anasubiri kujua kama nyuki wamekubaliana.

Tangu siku hiyo, saa ya chakula wenzake wakifungua vibakuli, yeye alikwenda kusimama mapokezi, kwenye nguzo ya pili, ambapo mtandao wa bure wa hospitali ulishika vizuri. Alishusha chochote. Mama mmoja aliyeeleza kazi ya figo. Mzee mwenye sauti ya mafua aliyesimulia historia ya chumvi kwa sehemu tisa. Mtaalamu wa madaraja. Mwanasheria wa mirathi. Kijana aliyezungumza juu ya nyota kwa haraka hivi kwamba ungedhani nyota zinamfukuza. Vyote alivipanga kwenye daftari kubwa la jalada gumu: namba, habari yenyewe, msemaji, dakika. Hukumu aliitoa kwa sindano. Kipindi kibaya kilishonewa uzi mweusi pembeni ya mstari, cha wastani kijani, na kile kilichomfanya asahau kula kilipata uzi mwekundu. Siku mambo yalipomharibikia, daftari lilikuwa limefika mia sita na kumi na nne.

Kulikuwa na kasoro moja. Cherehani yake ilikuwa kuukuu, na kila alipoikanyaga ilinguruma ikameza maneno ya msemaji. Mtu mwingine angerudisha nyuma asikilize upya. Yeye tundu halikumtisha, matundu ndiyo yaliyomlisha. Neno lilipomezwa alitia lake, akalishona likakaa, na baada ya siku mbili hakuweza tena kutofautisha lipi la mtaalamu na lipi lake. Ndivyo alivyoamini kwamba chumvi ndiyo iliyoleta ndoa, na kwamba figo la kushoto ni la kike. Alipoyasema alisema kwa uhakika, kidole juu, na raha ya kumsikiliza ilikuwa hapo hapo.

Na aliyefurahi kumsikiliza kuliko wote alikuwa mwanawe. Hapa ndipo pa kuelewa, maana bila hili mengine yote ni kicheko tu. Baba wa kijana alikufa zamani. Kijana alipoondoka, nyumba ilibaki na mtu mmoja na viti vinne. Miaka ya mwanzo alipiga simu mara moja kwa miezi miwili, dakika tatu, mama hujambo, sijambo, haya nitakupigia. Kisha, mwaka mmoja na nusu uliopita, mama alimsimulia habari za pomboo. Kijana akasema, "Mama, hebu rudia hapo." Jumapili iliyofuata saa kumi jioni simu ikalia. Na iliyofuata. Na zote. Dakika arobaini, wakati mwingine hamsini. "Mama, umesikiliza nini wiki hii?" Mwanamke aliyekuwa akisikiliza kwa ajili ya nafsi yake akaanza kukusanya kwa ajili ya Jumapili. Aliwaambia wenzake, tena zaidi ya mara moja, kwamba vipindi ndivyo vilivyomrudishia mwanawe.

Aliyekereka kuyasikia hayo alikuwa Mkasi. Huyu ndiye mkataji, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, na kabla ya vipindi chumba kile kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyeleta habari za nani kaachwa na nani kahamishwa, na watu wakacheka pale alipotaka wacheke. Mwalimu alipoleta spika yake ndogo akaiweka juu ya kabati la uzi, ufalme wa Mkasi ukaisha kimyakimya. Juu ya hayo, siku moja Mwalimu alimsahihisha mbele ya chumba kizima. Mkasi alisema popo ni ndege. Mwalimu akanyoosha kidole, akaeleza dakika kumi, na kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa sahihi toka mwanzo hadi mwisho. Mkasi alitabasamu. Mtu akitabasamu vile, kaa naye mbali.

Siku ya Ijumaa chumba kilikuwa na desturi yake. Mwalimu ndiye aliyeianzisha na aliilinda kuliko jicho lake: kipindi cha Ijumaa lazima kiwe kipya, asiwe amekisikia mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Kikianza, hakizimwi hadi kiishe, hata kiwe kibaya namna gani. Cherehani zilipunguzwa kasi, watu wakafanya kazi ya mkono, kutia vifungo na kamba, ili wasikie.

"Mwalimu," Mkasi alimwambia Alhamisi, wakifunga mlango, "mpwa wangu kanipa kipindi kinachosikilizwa na vijana wote huko mijini. Wanasema kinafundisha na kuchekesha. Nimekutumia. Usikisikilize, eh? Kiwe cha kesho."

Mwalimu alishukuru kutoka moyoni. Alidhani mwenzake hatimaye amekuwa mtu wa vipindi. Asubuhi kabla ya kazi akakishusha pale nguzoni bila hata kusoma jina lake hadi mwisho, akaandika daftarini namba mia sita na kumi na tano, akaacha mahali pa uzi.

Saa tano akabonyeza. Muziki ukapiga kidogo, kisha wanaume wawili wakacheka kabla hawajasema kitu, na mmoja akasema, "Karibuni tena kwenye Jumapili na Bimkubwa! Kwa wageni, utaratibu ni ule ule. Bimkubwa wangu, yaani mama mzazi, kaishia darasa la tano lakini kamaliza vyuo vikuu vyote vya simu. Namuuliza, ananifundisha, mimi na nyinyi tunapona kwa kicheko."

Sauti ya mtoto wako huitambui kwa masikio. Huitambua kwa tumbo. Mwalimu alikuwa ameshika gauni la mgonjwa na sindano, na mkono ukaendelea kushona kwa sababu hakuna aliyeuambia uache.

Kisha sauti ya Mwalimu mwenyewe ikatoka kwenye spika pale kabatini. "Sasa sikiliza, mwanangu. Pomboo analala na nusu ya ubongo, nusu nyingine iko macho. Na binadamu zamani alikuwa hivyo hivyo! Kajitazame kwenye kioo. Jicho moja litakuwa dogo. Lile dogo ndilo lililokuwa la kulala."

Mpiga pasi aliangua kicheko. Hakuwa na ubaya, maskini, lile jambo lilichekesha kweli. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza, kisha akamtazama Mwalimu usoni, akafunga mdomo kwa kiganja, na pasi ikaunguza foronya. Mkasi hakucheka. Alikuwa anakata viraka taratibu, vinalingana, na macho yake yako kwa Mwalimu kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Hapa," alisema mwanawe spikani, "nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mto. Ndugu yangu, jicho la kulala!" Wakapiga meza. Baada ya kicheko akaeleza habari ya pomboo ilivyo, kwa ufasaha, hatua kwa hatua. Alieleza vizuri sana. Msemaji wa kwanza mwenyewe hakueleza vile.

"Zima basi, Mwalimu," mpiga pasi alinong'ona. "Tafadhali."

"Cha Ijumaa hakizimwi," alisema Mwalimu.

Ni ujinga, ndiyo. Angeweza kusimama, kunyoosha mkono, kubonyeza. Lakini kukizima kulikuwa ni kukiri kwamba kinamhusu, naye bado sehemu fulani ya kichwa chake ilikuwa inatafuta njia ya kipindi hicho kumhusu mtu mwingine. Ndipo likaja lile ambalo hakulitegemea. Sauti yake tena, ya chini, ya mwezi uliopita, siku aliyokuwa na homa: "Wakati wa kula huwa naweka kipindi, mwanangu, chochote tu. Siyo kwamba nasikiliza. Nataka nyumba isinyamaze. Ikinyamaza naona kama inasubiri nife."

Walikuwa wameweka hapo mlio wa nyenje. Kri, kri, kri. Kisha yule rafiki akasema, "Bimkubwa, nyumba inasubiri kulala, ina jicho moja dogo!" na mwanawe akacheka. Mama alikipima kicheko hicho bila kutaka. Hakikuwa cha kujilazimisha.

Msimamizi wa chumba alikuwa mlangoni, hakuna aliyejua tangu saa ngapi, anafuta machozi ya kicheko. Katika miaka yote Mwalimu hakuwahi kumjibu mtu huyo zaidi ya ndiyo na asante, kwa hiyo msimamizi hakuwa na sababu ya kuitambua sauti ya Mwalimu. "Huyo bibi ni balaa," alisema. "Mwalimu, hiki kitie daftarini!"

"Nimeshakitia," alisema Mwalimu.

Kipindi kilikwenda dakika thelathini na nane. Aliweka kamba kwenye magauni manane. Kilipoisha, Mkasi alikusanya viraka vyake, akauliza kwa sauti laini, "Kwani yule kijana ni nani? Mbona kama namjua?" Mwalimu akashusha spika, akaifunga kwenye kitambaa, akaketi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu zote hadi saa ya kutoka ili isisikike sauti nyingine mle ndani.

Jumamosi alikwenda nguzoni akavishusha vipindi vyote vya mwanawe, akakaa nyumbani akaanza kuvisikiliza. Vilikuwa sabini na tatu. Hakuvimaliza siku hiyo, aliendelea navyo wiki nzima iliyofuata, kwa nidhamu ile ile, kalamu mkononi. Aligundua kwamba figo halina jinsia. Aligundua kwamba alichosema juu ya chumvi hakikusemwa na mtu yeyote duniani isipokuwa yeye. Kila kosa lake mwanawe alilisahihisha kwa upole wa mwalimu mzuri, baada ya kicheko, na mara mbili mama alijikuta anatikisa kichwa kwa fahari, loo, huyu mtoto kasoma, kabla ya kukumbuka anachosikiliza. Wasikilizaji elfu kumi na moja. Walimwandikia. Walitaka Bimkubwa aulizwe juu ya radi, juu ya benki, juu ya mbwa. Na kweli, mwanawe alikuwa amemuuliza juu ya mbwa. Alifurahi mno siku ile, alidhani kijana anafikiria kufuga.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili ya kesho yake saa kumi, simu ikalia. Alikuwa ameyapanga maneno. Angesema: nimekusikia. Angesema: mimi ni mama yako, si katuni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Umesikiliza nini wiki hii?"

Alijua, kama anavyojua kitambaa kilichooza kwa kukigusa tu, kwamba akisema, kijana atalia, ataomba radhi, atafuta vipindi vyote, na kisha kwa aibu hatapiga tena. Aibu ingemfukuza mbali kuliko mji wenyewe. Basi akachukua njia ya katikati, akajiona mwerevu. Asubuhi ile alikuwa amesikiliza kipindi cha utengenezaji wa kioo, nyumbani pasipo cherehani, akirudisha nyuma kila alipokosa neno. Akamweleza mwanawe mchanga, moto, kupoozwa polepole. Hakukosea hata mahali pamoja. Alingoja.

"Sawa," alisema kijana. "Na... hakuna lingine? Kioo hakihusiani na, sijui, mambo mengine?"

"Hapana. Ndiyo hivyo tu."

"Haya mama. Vizuri. Ngoja nikuache, kuna mtu hapa."

Dakika sita.

Jumapili iliyofuata saa kumi ilipita, saa kumi na moja ikapita. Alikaa na simu mapajani, ameichomeka kwenye chaji ingawa ilikuwa imejaa. Saa kumi na mbili akapiga mwenyewe, ikalia hadi ikakatika, ukaja ujumbe: Nitakupigia. Jumapili ya pili ya ukimya hata ujumbe haukuja. Chumbani, Jumatatu, Mkasi aliuliza, "Kijana hajambo?" na Mwalimu akasema hajambo, ana kazi nyingi. Ijumaa hakuleta spika. Hakuna aliyeiulizia. Mkasi alisimulia habari za mhasibu na mke wa pili, na watu wakacheka pale alipotaka wacheke.

Nyumbani hakuweka kipindi wakati wa kula. Alijaribu, lakini kila sauti ya mtaalamu ilipoanza alisikia nyenje. Alikula haraka akiwa amesimama.

Jumapili ya tatu ya ukimya, asubuhi, alilitoa daftari. Alitafuta mwenyewe kipindi cha zamani chenye uzi mwekundu, namba mia mbili na tisa, habari za pweza. Alikikumbuka chote, kilikuwa hakina tundu hata moja. Pweza ana mioyo mitatu. Akachukua kalamu, akakaa kwa muda mrefu anaikodolea macho sentensi hiyo, akitafuta mahali pa kuitoboa. Miaka ishirini na mbili alikuwa mtu wa kuziba. Ilimchukua hadi saa nane kupata kitu kinachofaa.

Saa kumi na robo alipiga yeye. Safari hii ilipokelewa.

"Mama, samahani, kazi zimenibana, nilikuwa..."

"Nisikilize kwanza," alisema, na akainua kidole ingawa hakuna aliyemwona. "Unajua kwamba pweza ana mioyo mitatu? Mmoja wa kwake, mmoja wa mke, na wa tatu anauweka akiba kwa ajili ya mama mkwe. Ndiyo maana hajawahi kuachika. Na binadamu naye alipewa mitatu, ila miwili ilipotelea njiani alipotoka majini. Ukiweka mkono hapa kifuani utasikia moyo unapiga mara mbili mbili. Ile mara ya pili unaita wenzake."

Upande wa pili akaisikia ile pumzi, pumzi fupi ya puani, ambayo alimjua nayo tangu ana miaka mitatu, akijificha chini ya meza na kujizuia asicheke ili asipatikane. Miaka ile mama alijifanya hamwoni. Alizunguka meza akiita, yuko wapi, yuko wapi mtoto wangu, na pumzi ile ikimwambia alipo.

"Mama," alisema mwanawe, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha tupu, "hebu rudia hapo."

Akarudia. Akaongeza. Kijana akauliza hili na lile, akauliza kama anakula vizuri, akauliza kama homa ilikwisha, akasema amemkosa sana, na huenda hata hilo lilikuwa kweli. Mwishoni akasema, "Jumapili ijayo, mama, saa ile ile. Usiache kusikiliza, tafadhali."

"Siachi," alisema mama.

Alipokata alitazama saa ya simu: dakika arobaini na moja. Akaandika tarehe daftarini, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akashona pembeni ya mstari mara mbili ili usifumuke. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake Makosa, na kabla giza halijaingia alikuwa amepata matatu ya wiki ijayo.